Mbwa wa Cheti

Kuna hoja moja ambayo muuzaji wa vilebu akikutolea, si rahisi kumjibu papo hapo. Unamwambia yule German Shepherd aliyekuuzia ana nyonga mbovu, kwamba kabla afike miaka saba atakuwa anaburuta miguu ya nyuma. Anakuangalia kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni stegi ya matatu, halafu anasema: "Sawa. Lakini nisingempandisha mamake, huyu hangekuwepo kabisa. Kwani ungetaka asizaliwe?"

(Kilebu ni mtoto wa mbwa, kwa mliosahau ile orodha ya wana wa wanyama tuliyokaririshwa shule ya msingi. Mtaani tunasema papi, lakini kilebu ni neno tamu na sioni sababu ya kuliachia mitihani.)

Hoja hiyo nilikutana nayo kwanza chuoni, katika mihula mitatu niliyosoma falsafa kabla ya karo kukatiza safari. Derek Parfit, mwanafalsafa Mwingereza, aliichambua katika kitabu chake Reasons and Persons cha mwaka 1984. Mfano wake mmoja ni wa msichana wa miaka 14 anayeamua kuzaa sasa badala ya kungoja akomae. Mtoto ataanza maisha kwa shida. Watu wote tunahisi msichana angengoja. Lakini akingoja, atakayezaliwa ni mtoto mwingine, si huyu. Huyu hakuwa na njia nyingine ya kuja duniani: ni maisha haya au hakuna. Sasa amedhulumiwa vipi? Parfit hakumaliza kwa kusema basi kila kitu ni sawa. Alichoona ni kwamba kuna kosa mahali, ila ile njia yetu ya kawaida ya kulieleza kosa, yaani kumtafuta aliyeumizwa, haitoshi hapa.

Sikudhani ningeisikia tena hoja hiyo Mwihoko, nimesimama kando ya banda la mabati.

Jirani yangu ni mama wa watoto watatu. Asubuhi anauza chapati na madondo, jioni anauza mboga, na katikati ya hayo ana jike la German Shepherd linaloitwa Queen, alilopewa na mwajiri wake wa zamani alipohama nchi. Queen ana cheti. Kimewekewa plastiki, kimefungiwa sandukuni pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Nyuma ya hicho cheti kuna majina ya babu na bibi zake hadi vizazi vitatu, na mimi, ambaye babu yangu wa pili simjui jina, nilikiangalia kwa wivu kidogo.

Uzao wa kwanza wa Queen ulimwingiza kifungua mimba kidato cha kwanza. Wa pili ulilipa madeni ya hospitali. Wa tatu ulijenga kibanda cha mboga. Vilebu wanane kwa shilingi 20,000 kila mmoja, toa mmoja wa mwenye dume, toa chanjo, toa unga wa mbwa, omena na vichwa vya kuku: hesabu hiyo hakuna chapati itakayoifikia. Na anawatunza. Hawalali kwa maji, wanachanjwa, na hamtoi kilebu kwa mama kabla ya wiki nane hata mnunuzi aje na pesa mkononi. Nasema haya mapema kwa sababu makala nyingi za kutetea wanyama huanza kwa kumtafuta mtu mbaya, na hapa sina.

Mimi kazi yangu ni kuandika. Siku chache ni makala kama hii, siku nyingi ni matangazo: keki, viatu vya mtumba, ploti za Joska zenye "maji na stima karibu". Mwezi Juni aliniita. "Kijana wangu, niandikie tangazo la watoto wa Queen. Andika pure, andika cheti, andika wazazi wanaonekana." Nikamuuliza wamezaliwa lini. Akacheka. Queen hata hakuwa amepata joto. Jirani alitaka kupokea amana mapema, kabla muhula wa tatu haujafika.

Na Queen alikuwa anatembea vibaya. Akikimbia, miguu ya nyuma miwili inaruka pamoja kama ya sungura. Akiinuka, anainuka kwa awamu, kama nyanya anayetoka kwenye kigoda. Nilipouliza, jirani alisema ni baridi. Nilipouliza tena, nikapewa Parfit, kwa Kiswahili cha Mwihoko: "Sasa hao watoto wasizaliwe?"

Kilichonikaa kichwani ni kwamba swali lilikuja kabla mimba haijatungwa. Kwa kawaida tunaulizana kuhusu maadili ya wanyama wakati mnyama yuko mbele yetu, amegongwa na gari, amefungwa mnyororo mfupi, ana njaa. Hapo jibu linajulikana hata kama hatulitekelezi. Sheria yetu ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, kwa sehemu kubwa inamwangalia mnyama wa aina hiyo, aliyepo tayari: usimpige, usimtese, usimnyime chakula. Lakini mfugaji wa mbwa wa nasaba anafanya jambo la namna nyingine. Anaketi na kalenda na simu, anachagua dume, anapanga mwili ambao haupo. Katika maisha yote ya mbwa, ni yeye peke yake anayepata nafasi ya kufikiria kabla.

Kwa hiyo hebu tuichukue hoja yake kwa uzito na tuone inatufikisha wapi. Kama kuwepo kunatosha kufuta kila kasoro, basi ninaweza kukusudia kutengeneza mbwa wasioweza kupumua vizuri, mradi wana siku za furaha za kutosha kuliko kutokuwepo. Ninaweza kutengeneza mbwa ambaye hawezi kuzaa mwenyewe. Nikishikwa, nitajibu vilevile: bila mimi asingekuwepo.

Na mbwa hao wapo. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kwa bulldog, zaidi ya asilimia 80 ya uzao ulitolewa kwa upasuaji, kwa sababu watu walipenda kichwa kikubwa na nyonga nyembamba, wakaendelea kuchagua hivyo kizazi baada ya kizazi hadi kichwa cha mtoto na njia ya mama vikakosana. Kuna mbwa mdogo mzuri sana anayeitwa Cavalier King Charles Spaniel, macho makubwa, masikio ya hariri. Wengi wao fuvu halitoshi ubongo. Baadhi hupata maumivu ya shingo ambayo huwafanya wajikune hewani, mguu ukienda bila kugusa ngozi. Hakuna aliyekaa chini akasema, hebu tumtengeneze mbwa wa kuumwa kichwa. Walisema tu: uso huu unapendeza, tuufupishe kidogo.

Norway walilipeleka suala hili mahakamani. Mwaka 2022 mahakama ya Oslo ilisema kuwazalisha bulldog wa Kiingereza na Cavalier kunavunja sheria ya nchi hiyo ya ustawi wa wanyama. Kwenye rufaa bulldog wakaondolewa, lakini mwaka 2023 Mahakama ya Juu ikashikilia msimamo kuhusu Cavalier. Sheria yao ina kifungu kinachosema uzalishaji uelekee kwenye wanyama imara, wenye afya na maungo yanayofanya kazi. Mahakama haikuhangaika kumuuliza kilebu kama angependelea kutokuwepo. Ilimwangalia mwenye kalenda na simu.

Hapo ndipo nadhani hoja ya muuzaji inapoanguka. Anaongea kama aliyetoa zawadi: nimempa uhai, mnanilaumu kwa nini? Lakini uhai huo ameuuza, shilingi 20,000, amana nusu. Huwezi kudai shukrani ya mzazi na faida ya muuzaji kwa kiumbe hicho hicho. Fundi akijenga nyumba kwa saruji haba hatumwachi aseme, "bila mimi mngelala nje." Tunamuuliza alijua nini alipokuwa anachanganya.

Sasa, neno "pure". Nimeliandika kwenye matangazo mengi bila kulifikiria, maana mteja ndiye anayelipia maneno. Si neno la zamani hivyo. Maonyesho ya kwanza ya mbwa ya namna tunayoijua yalifanyika Newcastle, Uingereza, mwaka 1859. Kennel Club iliundwa London mwaka 1873, ikaanza kuandika nani kamzaa nani. German Shepherd mwenyewe, huyu tunayemwona kama mbwa wa tangu zamani, ana tarehe ya kuandikishwa: mwaka 1899 afisa wa zamani wa jeshi la Ujerumani, Max von Stephanitz, alimnunua mbwa wa mchungaji, akambadilisha jina kuwa Horand von Grafrath, akamwandika wa kwanza kitabuni. Damu ya Horand ikarudishwa juu ya damu ya Horand, mara nyingi, ili watoto wafanane. Von Stephanitz alitaka mbwa wa kazi, wa kushinda akikimbia kando ya kondoo. Waliokuja baadaye wakapenda mgongo unaoteremka kama paa la duka, na maonyesho yakaupa zawadi.

Kitabu cha nasaba kikifungwa, kinafunga na magonjwa ndani. Hii si siasa, ni hesabu ya kawaida tu: mababu wachache, jeni mbovu moja, na watoto wanaokutana na jamaa zao kila wakipandishwa. Mfano ninaoupenda ni wa Dalmatian, wale weupe wa madoadoa. Walifika mahali wote walikuwa na hitilafu ya mkojo inayoweza kuleta mawe kwenye kibofu. Wote. Mwaka 1973 mtaalamu wa jenetiki Mmarekani, Robert Schaible, akampandisha Dalmatian na mbwa wa aina ya Pointer mara moja tu, kisha akarudi kwa Dalmatian vizazi baada ya vizazi, akibakisha ile jeni nzuri. Alipata mbwa mwenye madoa yaleyale na mkojo mzima. Mwaka 1981 klabu ya Marekani ikawaandikisha wawili, wanachama wakapiga kelele, mlango ukafungwa. Ulifunguliwa tena 2011. Miaka 30 watu wazima walibishana kama mbwa mwenye afya ni Dalmatian wa kweli.

Huku kwetu "pure" ilikuja na jirani yake, neno "shenzi". Walowezi wa Kizungu waliwaita mbwa wa Waafrika hivyo: mbwa shenzi, yaani asiye na kitabu. Wao walikuwa na mbwa wenye majina mawili na siku ya kuzaliwa. Sisi tulikuwa na mbwa. Waliondoka, neno likabaki, na leo kijana wa Mwihoko anamtupia jiwe mbwa koko kwa sababu hiyohiyo, kwamba hana wa kumdai.

Ila kuna kichekesho ndani yake. Yupo mbwa wa nasaba anayeitwa Basenji, habweki kama wengine, anatoa sauti kama ya mtu anayejaribu kuimba. Asili yake ni Kongo. Jina lenyewe kwa Kilingala linahusu watu wa vijijini, wa porini, na masikio yako ya Kiswahili hayakudanganyi: ni ndugu wa washenzi. Wazungu walimchukua Kongo miaka ya 1930, wakamwandika kitabuni, wakafunga kitabu. Baada ya miaka hamsini hivi damu ilikuwa imebana, magonjwa yakajitokeza, likiwemo moja la figo. Wafanye nini? Mwaka 1987 na 1988 wafugaji Wamarekani walisafiri hadi Zaire, wakaenda vijijini, wakaomba na kununua mbwa wa watu. Mwaka 1990 kitabu cha Marekani kikafunguliwa ili mbwa hao waingie. Yaani usafi ulipougua, dawa ilifuatwa kwa washenzi.

Nilimsimulia jirani hadithi hii akikatakata sukuma. Aliipenda. Akasema, "Kwa hivyo wale wa pale kichinjioni nikiwapeleka Amerika nitauza?" Tukacheka sana. Halafu akasema jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike haya.

"Hiyo picha ya nyonga unayosema. Nani atanilipia?"

Tulikuwa tumepiga simu kliniki moja. Eksirei ya nyonga, pamoja na dawa ya kumlaza mbwa ili asijitingishe, shilingi 6,000. Kwake hizo ni siku nyingi za chapati, na jibu linaweza kuwa kwamba Queen asizae tena. Yaani unamwomba mtu alipe pesa ili apoteze pesa. Mfugaji wa Karen mwenye bustani na mshahara anaweza kufanya hivyo akalala vizuri, na atatuandikia makala kuhusu uadilifu. Ni rahisi kuwa mwema ukiwa na akiba.

Lakini sikubali kwamba umaskini unafuta swali. Unalihamisha sehemu yake. Nani anamnunua huyu kilebu? Si maskini. Ni mwenye nyumba Syokimau au kando ya Kiambu Road, aliyekwisha kuandika MBWA KALI kwenye geti kabla hata ya kupata mbwa. Anauliza cheti. Anauliza kama baba ni mkubwa. Anabembeleza bei ishuke hadi 15,000, anatuma kwa simu, anatumiwa kilebu na bodaboda. Sijawahi, katika matangazo yote niliyoandika, kuulizwa na mnunuzi amwone mama akitembea. Hatua ishirini tu, kwenda na kurudi. Wala kuulizwa mama ana miaka mingapi, amezaa mara ngapi, na amepumzika muda gani baina ya uzao na uzao. Anachonunua ni majina ya mababu, na majina hayana nyonga.

Halafu akihama, au mwenye ploti akikataa wanyama, au mbwa akianza kuchechemea na bili za daktari zikaanza, kilebu yule wa "pure" anageuka kuwa mbwa wa nani? Nimewaona German Shepherd na Japanese Spitz wakitangazwa bure, "kwa mtu mwenye moyo". Wengine huishia kwenye makazi ya KSPCA kule Karen, wamekaa pamoja na mbwa koko, na nadhani wao kwa wao hawaulizani vyeti.

Nikiulizwa mfugaji anadaiwa nini, ningeanza na huyu anayerudishwa. Kama umemleta kwa mkono wako na kumuuza, mlango wako usimfungie akikosa pa kwenda. Jirani, nimtetee, hili alilijibu kabla sijamaliza kuuliza: uzao wa pili kuna mmoja alirudishwa kwa kuuma kuku, akakaa naye miezi minne hadi akampatia kwake. Hakuwa amesoma Parfit. La pili ni kutotunga mwili unaojua utauma. Kutojua ni udhuru mara ya kwanza. Lakini ukishamwona jike wako akiinuka kwa awamu, umeshajua kiasi cha kutosha kukulazimisha ujue zaidi. Na wewe mnunuzi, unaposhusha bei, unashusha ile eksirei kwanza. Hakuna kitu kingine cha kukatwa kwenye hesabu ya huyu mama. Unga ni unga, chanjo ni chanjo.

Niliandika tangazo. Niliweka sentensi moja: mama ana miaka sita, ana uzao mitatu, nyonga zake hazijapimwa. Jirani aliisoma, akanitazama, akaifuta kwa kidole gumba bila hasira, akanilipa pesa zangu zote. Tangazo likaenda bila hiyo sentensi. Wawili wakatuma amana.

Wiki iliyopita alinipa namba zao niwafuatilie kuhusu salio, maana mimi ndiye "wa maneno". Nikamwomba ruhusa niwaulize jambo moja la ziada, akasema uliza. Nikawauliza kama wangeongeza 3,000 kila mmoja ili Queen apigwe eksirei kabla ya kupandishwa. Wa kwanza alisoma, zile tiki mbili zikawa bluu, na hadi leo ni kimya. Wa pili alijibu usiku: "Kwani mbwa hupigwa X-ray?" Nikamweleza kwa ujumbe mrefu kuliko ilivyofaa. Baada ya kama saa moja akauliza tena: "Na mama akipatikana na shida, nitarudishiwa deposit?"

Nimempelekea jirani swali hilo kama lilivyo. Amana yenyewe, najua, ilishanunua sare ya shule. Hajanijibu bado. Kwa hesabu zake, Queen atapata joto wiki ya pili ya Agosti, na mwenye dume, jamaa wa Kamulu, ameshapiga simu mara mbili.